Kimelea kifupi kisicho na mkia: uchambuzi wa kisa kimoja cha malale kilichopimwa Lubumbashi

Mgonjwa ambaye kisa chake kinachambuliwa hapa ni mvuvi wa miaka 34 kutoka kandokando ya mto Lualaba, kaskazini mwa Katanga ya zamani. Alifika Lubumbashi mwezi wa sita, kwa gari-moshi, akiwa na mke wake, vifurushi viwili vya samaki wakavu na homa iliyomsumbua kwa miezi minane. Walifikia kwa mdogo wake katika komini ya Katuba. Ameniruhusu niandike habari zake kwa sharti kwamba jina lake na la kijiji chake lisitajwe, nami nimelishika sharti hilo. Mimi ni mtu wa maabara. Ninachokijua kwa mikono yangu ni damu, vioo na hadubini, na mengine nimeyasoma kwa sababu kisa hiki kilinilazimisha kuyasoma.

Katika miezi ile minane alikuwa ametibiwa malaria mara nne, katika vituo vitatu tofauti, na mara mbili kati ya hizo hakutobolewa hata kidole. Kila alipomeza dawa, homa ilishuka baada ya siku chache, naye akahesabiwa kuwa amepona. Kisha ikarudi. Homa inayoshuka na kurudi hivyo ilikuwa dalili ya kufuatiliwa, lakini watu waliisoma kama ushahidi kwamba dawa ya malaria ilikuwa inafanya kazi yake. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu ugonjwa aliokuwa nao hauwasubiri wanaokosea: ukiachwa, unatoka katika damu na kuingia kwenye ubongo.

Neno lililobadili mkondo wa uchunguzi lilitoka kwa mke wake. Mgonjwa alipoulizwa analalaje, mama huyo alijibu kabla yake: «Docta, busiku anatembea-tembea mu nyumba, muchana analala na bukari ku mukono.» Bukari ni ugali. Aliposema hivyo nilimtazama mumewe na kumwona ameketi wima, macho wazi nusu, kichwa kikiinama polepole. Nilipapasa nyuma ya shingo yake nikakuta tezi zilizovimba, laini, zinazoteleza chini ya kidole. Ni dalili ambayo daktari Mwingereza Thomas Winterbottom aliiandika mwaka 1803, akieleza kwamba wafanyabiashara ya watumwa katika pwani ya Afrika Magharibi walikuwa wakiikagua kabla ya kununua watu. Ilitosha kutufanya tutafute malale.

Vioo vya siku tatu

Siku ya Jumatatu tone nene la damu halikuonyesha malaria wala kitu kingine chochote. Jumatano homa ilipanda, tukatoboa kidole tena, na safari hii tuliiweka damu mbichi chini ya hadubini kabla haijakauka. Anayetafuta tripanosoma, kimelea kinacholeta malale, katika damu mbichi haanzi kwa kuiona yenyewe. Huona kwanza chembe nyekundu zikitikisika mahali pamoja, zikisukumwa pembeni kama watu wa sokoni wanaompisha mwenye mkokoteni, na akiwa na subira ndipo humwona anayewasukuma. Niliuona mtikisiko huo mara moja, kwenye ukingo wa kioo, kisha nikaupoteza. Katika kioo cha pili cha siku hiyohiyo, kilichopakwa rangi ya Giemsa, nilitafuta kwa karibu saa nzima kabla ya kukipata kimelea kimoja tu: umbo fupi, nene, la zambarau, lenye kiini kilichokolea katikati, nukta ndogo nyeusi kwenye ncha moja, na utando wa mawimbi ubavuni. Mkia ule unaotokeza mbele, ambao kila kitabu cha shule huuchora, haukuwepo. Ijumaa homa ilikuwa imeshuka, na kioo kilikuwa safi tena.

Nilimwita mkubwa wangu wa kazi, mtu ambaye ametazama vioo vingi kuliko sisi wote pale maabara.

«Yaya,» nilimwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, «hii ni tripanosoma.»

Alitazama muda mrefu, akasogeza kioo, akarudi palepale. «Tripanosoma bila mukia? Mudogo yangu, hii ni rangi imeshikana.»

Hakuwa mzembe, na sitaki msomaji amdhanie hivyo. Hoja zake zilikuwa nzito. Kimelea kilikuwa kimoja. Kilionekana kati ya vioo viwili visivyo na kitu. Na umbo lake halikufanana na lile tulilofundishwa. Tena malale yamekuwa nadra kiasi kwamba mtu wa maabara wa mjini anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuyaona: mwaka 1998 nchi yetu peke yake iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000, ilhali kufikia 2018 Afrika nzima iliandikisha chini ya 1,000. Ushindi huo mkubwa umetuachia tatizo jipya, kwamba macho yetu yamesahau.

Ninachotaka kuonyesha katika uchambuzi huu ni kwamba hoja zote tatu za mkubwa wangu, uchache, kutoweka na ufupi, zina maelezo yanayokutana mahali pamoja: vimelea hivi husikilizana. Idadi ndogo katika damu ya mgonjwa wa malale haina maana kwamba vimelea vimedhoofika. Kwa sehemu kubwa ni mpangilio wao wenyewe, na anayesoma kioo bila kuujua mpangilio huo atamrudisha mgonjwa nyumbani na ugonjwa wake.

Hesabu isiyokubali

Tuanze na hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya kwenye karatasi. Tripanosoma nyembamba ikiwa katika damu ya panya wa maabara hugawanyika mara moja kila saa sita hivi. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, na baada ya siku tano, yaani mizunguko ishirini, vimekuwa zaidi ya milioni moja. Baada ya siku kumi vingekuwa zaidi ya trilioni moja. Hata tukikubali kwamba ndani ya mwanadamu mwendo ni wa polepole mara kadhaa, hesabu hiyo ingemwua mvuvi wetu ndani ya majuma machache. Yeye alikuwa na miezi minane, alikuwa bado anatembea, na damu yake ilikuwa karibu tupu.

Maelezo tuliyofundishwa sote ni kinga ya mwili. Tripanosoma imejifunika kwa vazi la protini ya aina moja, nakala zipatazo milioni 10 zilizosongamana juu ya ngozi yake, na katika akiba yake ya jeni ina mavazi mengine zaidi ya elfu mbili, mengi yakiwa vipande vya kuunganishwa upya. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya vazi la kwanza na kuwaua wengi. Wachache waliokwisha kubadilisha vazi hubaki, huongezeka, na wimbi jipya huanza. Hivyo ndivyo homa ya mvuvi ilivyopanda na kushuka, na hivyo ndivyo dawa ya malaria ilivyopewa sifa isiyo yake.

Maelezo hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Panya wanapoambukizwa, kilele cha wimbi la kwanza huanza kujipinda hata kabla kingamwili hazijawa nyingi vya kutosha. Kuna kitu kingine kinachofunga breki, na kitu hicho kinatoka kwa vimelea vyenyewe.

Kutoka Uganda hadi Edinburgh

Miongoni mwa wa kwanza kuyatazama maumbo haya kwa makini ya kudumu alikuwa Muriel Robertson, Mskoti aliyefanya kazi nchini Uganda kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Katika maandishi yake ya 1913 alieleza kwamba katika damu kuna tripanosoma ndefu nyembamba zinazogawanyika, na fupi nene zisizogawanyika, na kwamba zile fupi ndizo zinazoelekea kuendeleza maisha ndani ya mbung'o, nzi anayeeneza malale. Kwa hiyo kimelea changu kisicho na mkia kilikuwa kimekwisha kuchorwa zaidi ya miaka mia moja kabla sijabishana nacho. (Jina lenyewe la gambiense, yaani aina ya tripanosoma iliyomshika mvuvi wetu, alilitoa Joseph Dutton mwaka 1902, miaka mitatu baadaye alifia Kasongo, katika bonde la Lualaba hiihii ya mvuvi wetu, kwa homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza.)

Swali la nini kinachoifanya nyembamba igeuke fupi lilipata jibu la kwanza la maana mwaka 1997, nchini Ujerumani. Watafiti walikuza tripanosoma katika vyombo, mbali kabisa na mnyama na kinga yake, wakaona kwamba zikifika msongamano fulani huacha kugawanyika na kugeuka kuwa fupi. Kisha walichukua maji ya chombo kilichosongamana, wakaondoa vimelea vyote, wakayamimina juu ya tripanosoma chache zilizokuwa na nafasi tele ya kuongezeka. Nazo pia zikaacha kugawanyika. Hapakuwa na njaa wala kingamwili katika chombo kile. Kilichohama kutoka chombo kimoja hadi kingine kilikuwa habari: sisi tuko wengi.

Habari hiyo imebebwa na nini? Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyekishika kitu chenyewe. Kundi la Keith Matthews katika Chuo Kikuu cha Edinburgh lilianza kwa upande wa pili, upande wa sikio. Mwaka 2014 lilichapisha kazi ambamo jeni za tripanosoma zilinyamazishwa mojamoja ili kuona ni zipi zikinyamaza kimelea kinakuwa kiziwi, yaani kinaendelea kugawanyika hata kikiambiwa kiache. Zikapatikana jeni nyingi zinazopokezana ujumbe ndani ya seli. Mwaka 2019 kundi hilohilo likapata mlango wenyewe: protini iliyoko juu ya ngozi ya tripanosoma nyembamba, iitwayo TbGPR89, inayopitisha vipande vifupi vya protini kuingia ndani.

Sehemu hii inastahili kusimamiwa, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikitazame kioo kwa jicho jingine. Tripanosoma inapoogelea katika damu hutema vimeng'enya vinavyokata protini za mwenyeji wake. Protini zikikatwa huacha makombo. Tripanosoma moja huacha makombo machache, ambayo damu huyachukua na kuyapoteza. Tripanosoma nyingi huacha makombo mengi, na makombo hayo huingia kwa kila mmoja kupitia mlango ule. Makombo yakizidi kiasi, jeni za kugawanyika hufungwa na umbo linaanza kubadilika. Ni kama mtu anayefika kwenye msiba usiku, asiweze kuona waliokusanyika gizani, lakini akitazama sahani zilizorundikwa jikoni anajua kama waliokula ni kumi au mia mbili. Watafiti walithibitisha kazi ya mlango kwa njia ninayoiona kuwa nzuri sana: waliipa tripanosoma mlango wa bakteria, unaopitisha vipande vilevile vya protini, nazo tripanosoma zikageuka fupi.

Je, haya ni mazungumzo? Wapo wanaokataa neno hilo, wakisema vimeng'enya vile huenda vinatemwa kwa ajili ya chakula au ya kupenya tishu, na kwamba kusoma makombo ya mwenzako si sawa na kuambiwa neno. Naiheshimu tahadhari hiyo, lakini siifuati hadi mwisho. Mdomo unaweza kuwa uliumbwa kwa ajili ya kula; sikio hili, pamoja na msururu mrefu wa jeni ulio nyuma yake, limehifadhiwa kwa kazi ya kuitikia. Kiswahili chetu kina neno linalofaa zaidi kuliko kuongea, nalo ni kusikilizana, ambalo kwetu lina maana mbili kwa pamoja, kutegeana masikio na kupatana. Tripanosoma hufanya yote mawili kwa kitendo kimoja.

Ushahidi mkali zaidi unatoka kwa viziwi. Katika maabara za dunia kuna nasaba za tripanosoma zilizohamishwa kwa sindano kutoka panya hadi panya kwa miaka mingi, bila kupitia kwa mbung'o. Nasaba hizo zilipoteza uwezo wa kugeuka fupi. Hazisikii tena, huongezeka bila kikomo, na panya hufa ndani ya siku chache akiwa na damu iliyojaa vimelea. Katika maabara hilo si hasara kwa kimelea, kwa sababu mkono wa mtafiti unakibeba. Mtoni ni hasara kubwa. Mbung'o wa kandokando ya maji anauma watu wachache, na ni mbung'o wachache sana wanaoambukizwa, kwa hiyo mgonjwa anayeishi miezi minane huku akienda kuvua kila asubuhi ana faida kwa kimelea kuliko mgonjwa anayefia kitandani juma la tatu.

Na ile fupi inayoacha kugawanyika haikai bure. Umbo lake limekwisha kuandaliwa kwa tumbo la mbung'o, mahali penye ubaridi na chakula tofauti. Inaishi siku chache tu katika damu na, asipotokea mbung'o wa kuinyonya, inakufa bila uzao. Kwa kuacha kuongezeka, inawapa nafasi ndugu zake, walio na jeni zilezile, waendelee kudumu ndani ya mwenyeji aliye hai. Hapa ndipo hoja ya ufupi ya mkubwa wangu inapojibiwa. Umbo lisilo na mkia halikuwa rangi iliyoshikana; lilikuwa tripanosoma iliyokwisha kusikia.

Lugha ya makombo haina mipaka ya ukoo mmoja. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba Trypanosoma congolense, inayowaambukiza ng'ombe, hutoa ishara ambazo tripanosoma ya aina ya brucei, ambayo gambiense ni tawi lake, inazielewa: zikikaa pamoja katika mnyama mmoja, brucei hugeuka fupi mapema kuliko ingekuwa peke yake, kana kwamba imewahesabu na majirani. Katika mbuzi na ng'ombe wa Afrika, ambako aina mbili hukutana mara nyingi, hili si jambo dogo.

Njia nyingine ya mawasiliano ilichapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Marekani. Tripanosoma huchomoza kutoka kwenye mjeledi wake, yaani ule mkia, nyuzi nyembamba sana za utando, nazo hukatika kuwa vifuko vidogo. Kifuko kikigusa tripanosoma nyingine huungana nayo na kuikabidhi protini zilizomo. Protini mojawapo iliyohamishwa hivyo ni ile inayoisaidia aina ya rhodesiense, ya Afrika ya Mashariki, kustahimili damu ya mwanadamu. Walioipokea wakawa wastahimilivu kwa muda bila kuwa na jeni yake. Ile ya gambiense, iliyomshika mvuvi wetu, hutumia silaha yake nyingine. Vifuko hivyo huungana pia na chembe nyekundu za damu na kuziharibu, na panya waliopewa vifuko peke yake walipungukiwa damu. Mvuvi wetu alikuwa na upungufu wa damu ambao malaria isiyokuwepo ilikuwa imelaumiwa kwao mara nne.

Malaria yenyewe, nitaje kwa kifupi, inaendana na tabia hii. Mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalieleza kwamba chembe nyekundu zilizoambukizwa na Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, hutumiana vifuko, na kwamba vifuko hivyo huongeza vimelea vinavyogeuka kuwa wa kiume na wa kike, tayari kwa mbu.

Ni haki pia kutaja jambo linalotatiza picha hii nzuri. Mwaka 2021 watafiti wa Würzburg, Ujerumani, walionyesha kwamba hata tripanosoma nyembamba, ikinywewa na mbung'o, inaweza kuendelea na maisha ndani yake bila kupitia umbo fupi, na kwamba kimelea kimoja kinatosha kuanzisha maambukizi. Kwa hiyo ufupi si tiketi pekee ya kuingia kwa mbung'o. Kwangu mimi jambo hilo linaupa uzito zaidi upande wa kudhibiti idadi: hata kama fupi asingehitajika kwa safari, angali anahitajika ili nyumba isibomoke kabla ya safari. Na sehemu kubwa ya majaribio haya yalifanywa kwa panya na kwa aina ya brucei. Mwanadamu mwenye gambiense ana damu yenye vimelea vichache zaidi kuliko panya yeyote wa maabara, jambo linalotaka tahadhari zaidi kwenye hadubini.

Kurudi kwa mgonjwa

Tone nene la damu, likisomwa vizuri, huanza kuonyesha tripanosoma zinapofika karibu 5,000 katika mililita moja. Tuseme mvuvi wetu alikuwa nazo 4,000. Mtu mzima ana damu ya lita tano hivi, yaani mililita 5,000. Zidisha: ni vimelea milioni ishirini vinavyoogelea ndani ya mtu ambaye kioo chake tumekiandika «hasi». Tena hivyo ni vya damu peke yake. Mwaka 2016 tafiti mbili zilionyesha kwamba katika panya tripanosoma hujaa pia kwenye mafuta ya mwili na kwenye ngozi, mahali ambapo kipimo cha damu hakifiki, na ngozini ndiko mdomo wa mbung'o unakofika.

Nilimweleza mkubwa wangu haya yote jioni ya Ijumaa, kwa adabu, nikiwa nimeandika hesabu kwenye daftari. Hakukubali papo hapo. Alisema jambo moja ambalo lilikuwa la kisayansi kuliko yote niliyosema mimi: kama ni kweli, basi kwenye tezi tutazikuta nyembamba zinazogawanyika, tuzitafute huko. Jumamosi asubuhi daktari alitoboa tezi ya nyuma ya shingo kwa sindano nyembamba, akaikanda kidogo, akatoa tone la majimaji lisilozidi punje ya mchele, nasi tukaliweka kwenye kioo likiwa bado na joto. Ndani ya dakika mbili tuliziona. Zilikuwa ndefu, nyembamba, zenye mkia, zikijipindapinda kwa kasi, na moja ilikuwa katikati ya kugawanyika, mikia miwili juu ya mwili mmoja. Mkubwa wangu alinyamaza, akaniachia kiti.

Damu ya mshipani ilizungushwa kwenye sentrifuji katika mirija myembamba, na pale juu ya chembe nyekundu, kwenye utando mweupe, zikaonekana nyingine. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa na chembe nyeupe 48 katika mikrolita moja, wakati kikomo ni 5, pamoja na tripanosoma zenyewe. Ugonjwa ulikuwa umeingia hatua ya pili, ile ya ubongo.

Zamani hatua hiyo ingemaanisha melasoproli, dawa yenye arseniki iliyokuwa ikichoma mishipa na kuua takriban mgonjwa mmoja katika kila ishirini waliopewa. Mvuvi wetu alipewa feksinidazoli, vidonge vilivyojaribiwa kwa sehemu kubwa hapa Kongo na kuruhusiwa nchini mwezi wa kumi na mbili 2018: vitatu kila siku kwa siku nne, kisha viwili kwa siku sita, vyote baada ya kula chakula cha kutosha, kwa sababu bila chakula dawa haiingii vya kutosha mwilini. Kwa kuwa chembe nyeupe zake hazikufika 100, vidonge vilifaa. Mke wake alisimamia kila dozi, na bukari ilitangulia kila kidonge.

Katika daftari la maabara mstari wa Jumatano ulikuwa umekwisha kuandikwa «hasi» kabla ya mabishano yetu kumalizika. Daftari halifutwi. Mkubwa wangu alipiga mstari mmoja juu ya neno hilo ili libaki linasomeka, akaandika pembeni kwa mkono wake: «Tripanosoma 1, umbo fupi,» akaweka tarehe na saini. Tangu wiki hiyo, mgonjwa yeyote anayetoka kandokando ya Lualaba akiwa na homa ya muda mrefu na tezi za shingo hatupimi damu yake mara moja tu. Tunaipima siku tatu mfululizo, homa ikiwepo au isipokuwepo, tunatumia sentrifuji, na tezi ikiwepo inatobolewa siku ya kwanza.

Mke wake alipimwa, hana ugonjwa. Mdogo wake wa Katuba, aliyekuwa amerudi kijijini mwaka uliotangulia kumzika baba yao, naye hana. Habari zilipelekwa kwa wanaoshughulikia malale ili kijiji kipimwe. Mgonjwa alirudi baada ya miezi sita: chembe nyeupe nne, hakuna tripanosoma, usiku analala. Aliomba aone kioo cha Jumatano, nikamwekea chini ya hadubini na kumwelekeza mahali pa kutazama. Alikitazama muda mrefu kama alivyokitazama mkubwa wangu. Anatarajiwa tena mwezi wa kumi na mbili wa matibabu, na mara ya mwisho wa ishirini na nne.